Donna Enza wa Mlango wa Kwanza

Meli ikifika hapa Ferula, kisiwani kwetu kusini mwa Italia, wageni wanashuka macho yamewalegea kwa kichefuchefu, na swali lao ni lilelile: tulale wapi, tule wapi? Wananiuliza mimi, Bastiano, kwa sababu mimi ndiye mwenye bajaji ya mizigo, na kisiwa kizima bajaji ni hii moja. Nawaambia, pandeni. Wengine wanasita, wanataka niwatajie hoteli wachague. Uchague nini, bwana wee? Huku ni mwamba, kule ni bahari, na juu pale ni kwa Donna Enza. Panda twende.

Donna ni heshima tu, kama kusema Bi; jina lake hasa ni Provvidenza, ila hilo ni refu mno kwa kisiwa kifupi kama chetu. Nyumba yake iko juu ya ngazi za kanisa, nyeupe, milango ya buluu ambayo kila mwaka anaapa ataipaka rangi upya. Mbele ina baraza ya nguzo nene na mzabibu juu yake, na kiti cha kamba ambacho hata mgeni awe nani hakikalii, maana paka amekikalia tangu asubuhi.

Kwake huulizwi utakula nini. Utakula kilichopo, tena utakula ukimalize. Ngisi wakija, ni ngisi. Bahari ikinuna, ni tambi na shamari pori na dagaa wa chumvi, juu yake chenga za mkate zilizokaangwa mpaka harufu inanifuata huku bandarini na kunitia wazimu. Mimi mwenyewe nimekula jikoni kwake karibu kila mchana tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijaoa, na mapishi ya dada yangu Tura, Mungu amsamehe, ni ya kumponya mtu uroho.

Lakini kitu kinachowamaliza wageni si tambi. Ni salamu. Donna Enza hasemi karibu, hasemi jina lako nani, hatazami hata mizigo. Anafungua mlango, anafuta mikono kwenye aproni, anakutazama usoni na kukuuliza, "Umekula?" Basi. Nilimleta bwana mmoja wa Milano, mtu mzito, koti la maana, simu sikioni. Alipoulizwa vile akabaki na begi mkononi, machozi yanamdondoka pale pale mlangoni. Sikumwuliza kwa nini. Nikashusha mizigo nikaondoka zangu.

Na usingizi wa nyumba ile! Sijui ni kuta nene, sijui ni mawimbi yanayopumua chini ya madirisha, ila watu wanalala humo kama waliorudi tumboni mwa mama zao. Asubuhi wanashuka nyuso zimewavimba, wanasimuliana ndoto zao juu ya kahawa, watu wazima na ndevu zao. Mmoja alikuwa anatembea juu ya bahari, viatu mkononi, na maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mwingine alimwona marehemu bibi yake akichuma zabibu hewani, pasipo mzabibu. Donna Enza anasikiliza huku akimimina kahawa. "Hiyo ni biringani ya jana," anasema. "Leo nitapunguza mafuta."

Siku moja nikamchokoza. "Na wewe Enza, unaota nini?"

"Mimi? Naota nafua shuka. Naamka nimechoka, naenda kuzifua."

Vyumba vyake vyote nimewahi kupandisha mizigo, isipokuwa kimoja. Kile cha mwisho juu, chenye dirisha linaloingiza bahari nzima ndani. Mgeni akikiona kutoka nje lazima akitake. Donna Enza, ambaye hajui kudanganya hata bei ya limau, hapo anadanganya bila kupepesa macho. Mwaka huu dari linavuja. Mwaka ule nyigu wamejenga. Mwaka mwingine kitasa kimeharibika na fundi yuko ng'ambo, Trapani. Sisi wa hapa tunajua. Kile ni chumba cha Catena, binti yake.

Catena aliondoka siku ya joto ya Agosti, nyumba imejaa mpaka watu wanalala barazani. Nilikuwapo, nimeleta familia moja ya watu waliochoka kuliko mabegi yao. Catena alikuwa amesimama kando ya sinki anamega mkate, maana yeye tangu mtoto alikula hivyo, amesimama, wageni wakishamaliza, huku jicho liko kwenye sufuria. Donna Enza akawafungulia wale watu mlango. "Mmekula?" Nikamwona Catena anaweka mkate chini, polepole.

"Mama," akasema. "Dunia nzima unaiuliza kama imekula. Mimi hujaniuliza hata siku moja."

Jamani, si angesema njoo mwanangu, kaa? Lakini mama yule alikuwa na sahani mikono yote miwili, jasho linamtiririka, na aibu ya kusikiwa na wageni. Akajibu kwa hasira. "Watu wamejaa hivi ndiyo unaniletea maneno? Kama nyumba imekuchosha, mlango huo. Chumba chako nitampa mgeni, tena atanishukuru."

Catena alipanda bajaji yangu jioni ile ile. Donna Enza alidhani atarudi zabibu zikivunwa. Zabibu zimevunwa mara nyingi sana tangu hapo, na wale wawili, vichwa vigumu kama kwato, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Catena alikuwa akimpigia simu dada yangu Tura kila Krismasi. Tura akimwambia Enza, "Mwanao anakusalimu," Enza anajibu, "Ana afya?" kisha anageuka kukoroga kitu hata kama sufuria haina kitu.

Sasa nije kwenye siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi wa Machi.

Siku hiyo hapa kwetu Yosefu na Maria wanazunguka na Mtoto kutafuta pa kula na pa kulala. Wanabisha mlango wa kwanza, wanafukuzwa. Wa pili, wanafukuzwa. Wa tatu unafunguka, na ndani kuna meza ya Mtakatifu imejaa mpaka miguu yake inalia, na kisiwa kizima kinakula. Yosefu ni mimi, kwa sababu ya ndevu na kwa sababu sina mke wa kunikataza. Maria ni dada yangu Tura, na magoti yake mabovu, maana wasichana walishahamia bara wote. Watoto nao wamekwisha, kwa hiyo Mtoto ni mkate. Mkate mkubwa wa ngano, umeviringishwa shali. Padre aliguna mwaka wa kwanza, akazoea.

Mlango wa tatu ni wa Donna Felicia, ambaye huanza kupika wiki nzima na kujisifu mwaka mzima. Na mlango wa kwanza, mlango wa kufukuza, tangu enzi za bibi yake, ni wa Donna Enza. Fikiria! Mwanamke anayelaza na kulisha watu kwa maisha yake yote, siku hiyo ndiye anayesimama nyuma ya mlango uliokomewa na kusema hapa hakuna chakula wala kitanda. Watu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Yeye hacheki. Anayasema yale maneno haraka kama mtu anayemeza dawa, kisha msafara ukipita anatoka mlango wa nyuma mbio, ananishindilia mkate na dagaa mfukoni. "Nisamehe Yosefu," ananiambia, kila mwaka, na kweli anamaanisha.

Mwaka huu, mkesha wa sikukuu, ulivuma ule upepo wa moto unaobeba mchanga kutoka Afrika. Mbingu ikawa ya njano kama mchuzi. Bahari haikuonekana ilipoishia. Watu walikuwa wanasinzia wamesimama, mbwa wamelala katikati ya njia, na meli ilitokea ndani ya vumbi lile bila sauti, mpaka nikajiuliza kama niko macho. Akashuka mwanamke mmoja tu, kitambaa kichwani, mvi mbili tatu zinachungulia. Akaja moja kwa moja kwenye bajaji.

"Umezeeka, Bastiano."

"Na wewe umenenepa, Catena. Panda nikupeleke kwa mama yako."

"Nipeleke popote ila kwa mama."

Nikampeleka kwetu. Tura alilia, akamkumbatia, akachemsha kitu ambacho Catena alikula kwa adabu. Akatuambia habari zake. Yuko Genova, anasimamia vyumba kwenye hoteli kubwa yenye lifti. "Nilizikimbia shuka," akasema, "nikazikuta zimenitangulia." Akacheka. Siku za karibuni, akasema, akilala anasikia harufu ya shamari inachemka. Anaamka, anazunguka chumba kizima kutafuta jiko linalochemsha. Hana jiko chumbani.

"Basi twende sasa hivi," nikamwambia. "Ni ngazi tu hapo."

"Siwezi. Nikibisha leo akinifukuza, nitakufa, Bastiano. Kesho akinifukuza, ni desturi." Akamgeukia Tura. "Bi Tura, nipe shela yako. Kesho nataka kuwa Maria. Niisikie sauti yake tu, hata kama inanifukuza. Kisha nitajua. Kama hakunitambua, au amenitambua akafukuza vile vile, meli ya jioni nimo."

Nilipandwa na hasira. "Huo ni ujinga mtupu! Yule hawezi kufungua. Mlango wa kwanza haufunguki, haujafunguka tangu kisiwa kiumbwe. Unakwenda kujitafutia ugonjwa."

"Bastiano," Tura akasema, "funga domo." Akaenda kutoa shela sandukuni, akamshukuru Mungu kwa magoti yake mabovu, maana sasa alikuwa na sababu ya kumwachia mwingine zamu.

Sikukuu yenyewe upepo haukuwa umetulia. Mchana ulikuwa wa njano, mzito, jua halina kingo. Tulipanda ngazi za kanisa, mimi na fimbo yangu, Catena pembeni amejifunika shela mpaka kidevuni, mkate kifuani. Watu wote wa kisiwa nyuma yetu wanaimba, na sauti zao zilinijia kwa mbali kama za watu walio chini ya maji. Mimi Bastiano, niliyemwambia askofu aondoe gari lake njiani, naogopa mlango wa buluu.

Nikabisha kwa fimbo. Wimbo ukanyamaza.

"Ni nani?" sauti ya Donna Enza, nyuma ya mbao.

"Yosefu, na Maria, na Mtoto."

"Mnataka nini?"

Hapo zamu yangu. Miaka yote hiyo nimeyasema yale maneno, hata usingizini nayasema. Yakakataa kutoka. Tura akanifinya mgongoni, hola. Maria kwa desturi hasemi kitu, anainamisha kichwa tu. Lakini alipoona nimekuwa bubu, Catena akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa mlango.

"Tunataka kula," akasema. "Na mahali pa kulala."

Mchanga ulikuwa ukianguka juu ya mabega yetu, laini, bila haraka. Mkate ulinukia. Paka aliteremka kwenye kiti chake cha kamba, akaja kukaa mbele ya mlango. Nilihisi kama tumesimama pale tangu nilipokuwa kijana, na kwamba labda ni mimi niliyelala kwenye kile chumba cha juu na yote haya ni biringani.

"Hapa hakuna..." Donna Enza akaanza.

"Chakula wala kitanda!" watu wakamkumbusha kutoka nyuma.

"Hapa..."

"Enza wee!" Donna Felicia akapaaza sauti kutoka chini ya ngazi. "Umesahau maneno ya bibi yako? Fukuza upesi, tambi zangu zinaganda!"

Wengine wakacheka. Catena hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimezama ndani ya mkate. Nikaona anaanza kurudi nyuma, hatua, na nyingine, na nikajua keshapanda meli tayari. Nikanyanyua fimbo nimpasulie Enza mlango huo, liwalo na liwe.

Ndipo ikatoka sauti kule ndani, ndogo, karibu isisikike.

"Umekula?"

Watu wakaguna, wakatazamana. Kosa gani tena hilo? Mimi nilielewa. Tura alielewa, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Bado, mama," Catena akasema.

Komeo likavutwa. Mlango wa kwanza ukafunguka.

Alisimama pale na aproni yake, mdogo kuliko nilivyomwona asubuhi. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu sana, kuanzia mvi hadi viatu, akarudi tena juu. Hakumkumbatia. Akapeleka mikono kwenye mkate. "Lete huo," akasema, sauti imepasuka. "Unaufinya. Utabonyea." Kisha akamshika kiwiko, akamwingiza ndani kama mtu anayeingiza kitu ambacho mvua itakilowesha.

Ghasia iliyofuata, nisamehe, siwezi kuisimulia yote. Donna Felicia alipanda ngazi zote na mwili wake ule, mwekundu kama pilipili. "Ni mimi mlango wa tatu! Nimepika sahani zisizo na idadi! Watakatifu wangu wako wapi?"

"Wako mezani," nikamwambia. "Punguza kelele."

Kweli walikuwa mezani. Donna Enza alikuwa amevuta kiti, kile cha upande wa dirisha ambacho huwapa wageni wa safari ndefu, akamkalisha Catena. Sufuria ya dengu na shamari ilikuwa jikoni, chakula chake mwenyewe cha siku hiyo. Akapakua mpaka sahani ikafurika. Akatazama huku na huku kutafuta mkate, hakukuwa na mwingine ndani. Akafungua shali, akaumega ule ule.

"Mama yangu!" Donna Felicia akajishika kichwa. "Wanamla Mtoto!"

"Maria ana njaa, Felicia," Donna Enza akajibu, hata hakugeuka. "Mtoto atamwelewa mama yake."

Felicia akatazama ile shela, ule uso chini yake, na akamtambua. Akakaa kwa uzito kwenye kiti cha paka. Baada ya muda nikamsikia anawaambia watu waende wakalete sahani zake, zote, na waangalie zile tambi wasizimwage ngazini, mbwa hawa wana macho.

Catena alikuwa anakula. Alikula kama mtoto, kijiko kimejaa, machozi yanaingia humo humo. Donna Enza alikuwa amesimama kando ya sinki, mkono mmoja ndani ya aproni, anamtazama kila tonge linavyopita.

"Chumba chako kina shuka safi," akasema.

"Si ulisema dari linavuja?" nikamwuliza. Mdomo wangu huu!

"Nyamaza, Yosefu."

Catena akacheka, akajifuta pua kwa shela ya dada yangu. Kisha akanyanyua macho, akamwona mama yake pale aliposimama. Sinki lile lile. Kipande cha mkate mkononi. Akaweka kijiko chini.

"Na wewe, mama? Umekula?"

Mimi nilikuwa mlangoni, na maneno yale yalinipiga mimi. Nimekula jikoni mle maisha yangu yote. Nimewaleta watu wa Milano, wa Ujerumani, wa wapi na wapi, wameshiba, wamelala, wameota, wamemshukuru na kwenda zao. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza. Hata mimi. Nilitamani sakafu inimeze.

Donna Enza aliutazama ule mkate mkononi kama hajui umefikaje hapo.

"Bado," akasema.

Catena akainuka, akavuta kiti cha pili, akaenda kabatini kuchukua sahani.